Kichupa cha Tarehe 18 Februari

Wasifu huu umeandikwa na mdogo wa marehemu, mkunga mstaafu, na ndiye anayeusoma. Marehemu aliusahihisha mara mbili kwa kalamu nyekundu alipokuwa bado na nguvu za kushika kalamu. Palipoandikwa "alipendwa na wote" alikata, akaandika pembeni: "Ushahidi?" Kwa hiyo maneno hayo leo hamtayasikia.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatatu, tarehe 14 Machi 1949, saa mbili asubuhi, katika nyumba ya tatu ya wafanyakazi wa machimbo ya kokoto. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wanne. Baba alikuwa msimamizi wa baruti, mama alishona nguo. Mama alipenda kusimulia kwamba asubuhi hiyo baruti ililipuliwa kabla ya saa yake, vikombe vikaanguka kutoka kabatini, na mtoto akatoka kimya, akisikiliza. Msomaji wa maneno haya amezalisha watoto zaidi ya elfu mbili na hajamwona hata mmoja aliyetoka akisikiliza. Lakini mama alikuwepo, na yeye hakuwepo.

Alipofika umri wa miaka sita alikuwa amejaza mawe katika kabati la vyombo, kila jiwe na namba yake ya chaki. Mama akamwambia, "Mwanangu, hili kabati ni la sahani." Akajibu, "Sahani zote zinafanana, mama. Haya hayafanani." Mawe yalitupwa siku hiyohiyo, isipokuwa moja jeusi ambalo mama aliona linafaa kuzuia mlango wa jikoni usijifunge kwa upepo. Liliuzuia mlango huo kwa miaka arobaini na mbili.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa kando ya reli, kuanzia mwaka 1956. Mwaka 1963 alijiunga na sekondari ya bweni ya wasichana na kumaliza mwaka 1968. Inakumbukwa kwamba mwalimu wa jiografia alipowafundisha kuwa milima ni mikunjo ya ardhi, marehemu alinyoosha mkono na kuuliza, "Nani aliikunja, na lini?" Akaambiwa akae. Alichukua shahada ya kwanza ya jiolojia mwaka 1972, na baada ya hapo akapata nafasi ya kusoma ng'ambo, ambako alikaa kuanzia 1974 hadi 1978. Alirudi na shahada ya uzamivu, koti zito ambalo hakulivaa tena, na nyundo ya mpini wa bluu ambayo hakuiacha mpaka mwisho.

Alianza kazi chuoni tarehe 2 Oktoba 1972 na kustaafu tarehe 30 Juni 2009, akiwa profesa. Idara yake ilikuwa katika jengo la ghorofa moja. Chini kulikuwa na chumba cha kusagia mawe chenye mashine ya taya mbili za chuma, meza ya kutikisa, sinki, na dirisha moja lisilofunguka. Wanafunzi walimwita Bi Nyundo. Walidhani hajui. Alijua, na aliwahi kusahihisha mtihani wa mwanafunzi aliyeandika jina hilo badala ya jina la kweli la mwalimu wake, akampa alama zake zote, kisha akamkata moja kwa kukosa nidhamu.

Kazi yake yote ilihusu safu moja ya milima. Ni milima mizee, iliyolika mpaka imebaki vilima vya mviringo ambavyo mgeni hawezi kuviita milima. Marehemu alitaka kujua ilizaliwaje. Mezani kwetu alieleza hivi, akitumia vyombo vya chakula: ganda la dunia ni mabamba, na mabamba yanasogea. Bamba moja likizama chini ya jingine, mwamba wa chini huyeyuka, hupanda juu na kuganda kuwa matale, yale mawe magumu ya punjepunje. Mabamba yakigongana na kubanana, huyeyuka mwamba wa aina nyingine, na matale yake ni meupe yenye vimeta. Msukosuko ukitulia, yanakuja mengine ya rangi ya waridi. Kwa hiyo ukipata matale ya kila aina na ukajua kila moja liliganda lini, umepata historia ya milima, hata kama milima yenyewe imeshaliwa na mvua. Akimaliza kueleza, sahani zilikuwa zimepandana na mchuzi umemwagika kwenye kitambaa.

Umri wa tale hupatikana katika punje za madini ya zikoni, ambazo ni ndogo kuliko chembe ya chumvi na ngumu kuliko karibu kila kitu kilicho jirani yake. Ndani ya punje mna urani, na urani hugeuka kuwa madini ya risasi kwa mwendo unaojulikana. Jiwe linasagwa, unga unaoshwa, punje zinaokotwa moja moja chini ya hadubini. Ni kazi ya subira, na inaogopa uchafu. Punje chache za jiwe la jana zikibaki kwenye taya za mashine, jiwe la leo litasema umri usio wake.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1979 na mpima ardhi aliyekutana naye kilimani, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa kusimama kwenye alama yake. Mume wake alipenda kusema, "Mimi nauliza mpaka uko wapi, yeye anauliza ulikuwa wapi miaka milioni mia sita iliyopita. Tukigombania uzio na jirani, hatuna msaada wowote." Walijaliwa binti mwaka 1981 na mwana mwaka 1984. Mume alifariki tarehe 19 Agosti 2014. Marehemu hakuwahi kuzungumzia huzuni yake, ila aliendelea kuandaa vikombe viwili vya chai kwa muda wa mwaka mzima, na kimoja alikimwaga.

Aya zinazofuata zilijadiliwa na familia kwa siku mbili. Kaka wa marehemu alisema msibani hutajwa mema, na mengine huzikwa na mwenyewe. Binti wa marehemu akamjibu, "Mjomba, mama hakuzika kitu maisha yake yote. Alikuwa anafukua." Aya zikapelekwa kuchapwa.

Kulikuwa na fundi wa chumba cha kusagia mawe. Aliajiriwa mwaka 1980 akiwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, mkimya, mwenye mwandiko mzuri kuliko wa maprofesa. Kati ya jiwe moja na jingine alipiga taya za mashine kwa brashi, akapuliza kwa hewa, akafuta kwa spiriti, kisha akasaga konzi moja ya kwatzi, jiwe jeupe lisilo na zikoni. Kwatzi hiyo ilibeba uchafu wowote uliosalia. Baada ya hapo alirudia usafi wote na kusaga konzi ya pili, na unga wa konzi hiyo ya pili aliutia kwenye kichupa, akaandika tarehe na kukiweka rafuni. Ulikuwa ushahidi kwamba mashine ni safi. Utaratibu wa vichupa aliubuni mwenyewe. Hakuna aliyemwagiza, na hakuna aliyewahi kumuuliza ni vya nini.

Mnamo tarehe 18 Februari 1986 alisaga jiwe namba 31, tale la kijivu ambalo marehemu alilibeba mgongoni siku nzima kutoka kwenye bonde la katikati ya safu. Punje zikapelekwa ng'ambo kupimwa. Majibu yalirudi Novemba. Mafungu manne ya punje yalisema miaka milioni 620, kama marehemu alivyotarajia. Mawili yaliashiria kitu cha kale zaidi, kama miaka milioni 1,900. Na jiwe lililosagwa kabla ya namba 31, la mtafiti mwingine, lilikuwa na umri huohuo wa milioni 1,900.

Siku ya Jumanne, tarehe 11 Novemba 1986, saa nne asubuhi, katika chumba cha chai cha idara, mbele ya watu tisa, marehemu aliweka karatasi ya majibu mezani na kusema, "Fundi hakusafisha mashine."

Fundi alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi. Akasema, "Nilisafisha, Mwalimu. Kichupa chake kipo rafuni."

"Fundi, mimi sizungumzii vichupa. Nazungumzia punje."

"Basi twende tukakitazame hicho kichupa."

"Chai inapoa," alisema marehemu.

Watu walicheka. Marehemu aliagiza neno hilo, "walicheka", lisiondolewe. Januari iliyofuata fundi alihamishiwa getini kufungua na kufunga lango la magari. Jina la Vumbi alilobandikwa tangu siku ile lilimfuata huko, Fundi Vumbi, na watoto wake wakaitwa watoto wa Vumbi mpaka shuleni. Marehemu hakumwamini fundi mwingine baada ya hapo. Alisaga mawe yake mwenyewe kwa miaka kumi na minane, katika chumba chenye dirisha lisilofunguka, kwa kitambaa cha kichwa alichojifunga puani.

Mwaka 1988 alichapisha makala iliyompa jina. Ndani yake alisema milima ile ilizaliwa baharini, visiwa vya volkano vilivyosimama mbali na nchi kavu yoyote, kisha vikasukumwa na kubandikwa kwenye bara. Mafungu mawili ya punje za kale yalitajwa kwenye mstari mmoja wa maandishi madogo: uchafu wa maabara. Wanafunzi walifundishwa hivyo. Mwaka 1991 akawa profesa.

Mnamo Septemba 2004, maabara moja ya ng'ambo ilipata chombo kipya kinachoweza kupima nukta moja tu ndani ya punje, badala ya kuiyeyusha nzima. Marehemu alipeleka punje za jiwe namba 31 zilizokuwa zimebaki. Picha zilirudi Desemba. Punje kadhaa zilikuwa kama yai: kiini cha miaka milioni 1,900, na kukizunguka, ganda la miaka milioni 620. Punje iliyotoka jiwe jingine na kubaki kwenye taya za mashine haiwezi kuota ganda la umri wa tale hili. Ganda lile liliota ndani ya mwamba ulioyeyuka wa namba 31. Maana yake ni kwamba mwamba huo, ulipokuwa ukipanda, ulipita katika ardhi ya kale na kuzoa punje zake. Maana yake, milima haikuzaliwa baharini mbali na nchi. Ilizaliwa ukingoni mwa bara kongwe, na bara hilo bado liko chini yake. Kile alichokiita uchafu ndicho jiwe lilikuwa linamwambia.

Msomaji huyu alimkuta jikoni jioni hiyo. Alikuwa ameshika picha, maji yanachemka mpaka yanakauka.

"Dada, kuna nini?"

"Nilisema hakusafisha."

"Nani?"

"Nilisema mbele ya watu, na chai haikuwa hata imepoa."

Kesho yake alikwenda stoo ya zamani. Vichupa vilikuwepo, mia mbili na kumi na vinne, vimepangwa kwa tarehe chini ya vumbi la miaka kumi na minane. Alichukua kile cha tarehe 18 Februari 1986 na kukitazama kwa hadubini kwa siku tatu, chembe kwa chembe. Hakikuwa na zikoni hata moja.

Mnamo tarehe 10 Januari 2005 alikwenda getini na kichupa mkononi. Alimweleza fundi yote, kuanzia kiini hadi ganda. Fundi alisikiliza, akafungulia gari moja, akafunga, akarudi.

"Kwa hiyo mashine ilikuwa safi," alisema.

"Ilikuwa safi. Nisamehe."

"Mwalimu, mimi sina kinyongo. Lakini ulinisema mbele ya watu tisa. Hapa umeniambia mbele ya lango. Lango halina mdomo."

"Unataka nifanye nini?"

"Uliponivulia nguo, ndipo univishie."

Marehemu aliahidi. Hiyo ndiyo ahadi iliyomchukua miaka kumi na tisa, na hapa wasifu hauwezi kumsitiri, kwa kuwa yeye mwenyewe hakutaka kusitiriwa. Mwaka 2007 alichapisha makala ya kujisahihisha, akamshukuru fundi ndani yake, akampelekea nakala. Fundi alisoma jina lake humo, akaikunja nakala vizuri. "Nimeona, Mwalimu. Lakini wanaoniita Vumbi hawasomi hili gazeti lako." Kisha, tarehe 30 Juni 2009, ikaja hafla ya kumuaga. Saba kati ya wale tisa walikuwa ukumbini. Fundi alialikwa, akakaa safu ya tatu na shati jeupe, mkewe pembeni. Marehemu alisimama mbele ya kipaza sauti na karatasi yake. Alimshukuru mkuu wa chuo, mume wake, madereva, na mpishi. Akakunja karatasi, akakaa. Fundi na mkewe waliondoka kabla ya chakula.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko ulimi. Hawakusema ya ulimi usiotaka kuinuka. Usiku ule alimwambia mdogo wake, "Niliona shati lake. Nikaogopa watacheka tena, safari hii mimi." Mdogo wake alimjibu kwamba huo ni woga tu, na kwamba ni aibu. Hawakuzungumza kwa wiki tatu. Ilikuwa mara ya pekee katika maisha yao, na anayesoma haya hajutii alichosema, ila anajutia zile wiki tatu.

Marehemu alianza kukohoa mwaka 2016. Mwaka 2019 daktari alimwambia kwamba mapafu yake yamejaa makovu ya vumbi la mawe, ugonjwa wa wasagaji na wachimbaji, na akashangaa profesa ameupatia wapi. Alipewa mtungi wa oksijeni, akaupachika jina la bwana harusi kwa kuwa ulilala ubavuni mwake. Fundi alikuja kumjulia hali mara nne. Mara ya kwanza, alipoelezwa chanzo, alisema, "Kumbe ulinitoa kwenye vumbi, Mwalimu." Marehemu alicheka mpaka nesi akaja mbio.

Januari mwaka huu aliomba apewe simu. Aliwapigia wale tisa. Wawili walikuwa wametangulia, mmoja hakupatikana. Kwa wale sita waliobaki alisema maneno yaleyale: "Nikifa, njoo. Usilete shada, lete masikio." Mmoja alimuuliza kwa nini asiseme sasa kwenye simu. Alimjibu kwamba watu hao hawatakaa tena mahali pamoja isipokuwa kwenye mazishi, na mazishi yaliyo karibu zaidi ni yake.

Alifariki siku ya Jumatano, tarehe 6 Machi 2024, saa nne na dakika kumi asubuhi, nyumbani, dirisha likiwa wazi. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minne. Zilibaki siku nane kutimiza sabini na mitano, na aliagiza isiandikwe "takriban sabini na mitano."

Ameacha binti aliye daktari wa mifugo, mwana aliye fundi umeme, wakwe wawili, wajukuu watano, na wadogo zake watatu, kaka yetu akiwa mmoja wao. Ameacha mawe elfu moja mia nne na sita, yote yana namba, ambayo watoto wake wanaomba chuo kije kuyachukua mapema. Lile jeusi la mlango halimo katika hesabu hiyo. Litakaa kichwani pa kaburi.

Ameacha pia fundi, ambaye yupo hapa, safu ya kwanza, kwa maagizo yake marehemu, pamoja na mke wake na watoto wao watatu. Wale sita wa chumba cha chai wako nyuma yao. Wengine tunaosikia ni zaidi ya mia tatu. Kichupa kiko mkononi mwa anayesoma, na akimaliza atamkabidhi fundi.

Marehemu aliomba sentensi ya mwisho iwe yake, isomwe kwa sauti, isiongezwe neno. Aliiandika kwa kalamu nyekundu:

"Fundi alisafisha mashine, mimi ndiye niliyekosea, na nilijua kwa miaka kumi na tisa."

Wasifu umeishia hapo. Limesemwa mbele ya watu. Sasa na apumzike.